Habari za Klabu ya Wakimbia Milima na Mbio Zetu za Mwakani

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia alinitaka nieleze habari za klabu ya wakimbia milima niliyokuwa mwanachama wake nilipokuwa masomoni Uingereza, pamoja na mambo yanayokuja, kwa sababu mkutano wetu wa mwaka jana uliazimia kwamba mwakani tuzifufue mbio za kupanda mlima huu ulio nyuma ya mabweni. Amenipa dakika 20. Wale tuliosoma pamoja wanajua kwamba sikuwa mkimbiaji. Katika mbio za shule sikupata hata mara moja kuingia katika thelathini wa kwanza, na mwaka mmoja nilipitwa na mpishi aliyekuwa anapeleka birika la chai kileleni. Kwa hiyo msitazamie kusikia maneno ya bingwa.

Nilikwenda huko mwaka 2011, nikiwa nimekwisha kuitumikia serikali miaka 7, kusomea shahada ya pili katika chuo kimoja cha kaskazini. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mtu wa chumbani na maktaba. Jua lilikuwa likizama saa kumi ya jioni, mvua nyembamba ilinyesha bila kukoma, na niliweza kumaliza siku nzima bila kusalimiwa na mtu. Jirani yangu wa chumba, kijana wa huko huko, ndiye aliyeniambia kwamba kila Jumatano kuna watu wanaokimbia mlimani usiku kwa tochi za kichwani, na kwamba baadaye hula viazi vya moto. Nilikwenda kwa ajili ya viazi.

Wenyeji wa sehemu zile huiita milima yao "fell", neno waliloachiwa na watu wa Skandinavia waliohamia kule zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ni milima isiyolimwa, ya kuchungia kondoo. Wala si mirefu. Scafell Pike, ulio mrefu kuliko yote ukiacha ile ya Uskoti na Welisi, una mita 978 tu. Shule yetu hii, kama mjuavyo nyote mliosoma Jiografia, iko juu zaidi ya kilele hicho. Niliwaambia wenzangu wa klabu jambo hilo, wakacheka kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata wakanipeleka juu ya huo mlima mfupi. Nilirudi karibu natambaa. Ugumu wa milima ile hauko katika urefu. Hakuna njia. Kuna mawe yaliyolegea, kuna matope yanayomeza mguu mpaka gotini, kuna vichaka vya majani magumu vinavyofunika mashimo, na kuna ukungu ambao huingia katika muda wa dakika kumi ukamfanya mtu asijue alikotoka. Upepo ukiwa mkali mvua haishuki kutoka juu, inakuja kutoka ubavuni, na mtu aliyelowa hupoa mwili upesi kuliko anavyodhani.

Sasa mbio zenyewe ziko hivi. Wakimbiaji hutajiwa vilele au vituo wanavyotakiwa kuvifikia, mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Katika mbio nyingi, njia ya katikati kila mtu hujitafutia kwa ramani na dira. Chama chao, kilichoundwa mwaka 1970, kimezigawa mbio hizo kwa madaraja. Daraja la A ni zile ambazo kwa kila kilometa moja mtu hupanda kwa wastani mita 50 au zaidi. Daraja la B ni mita 25, na la C ni mita 20. Tena kuna ndefu zinazozidi kilometa 20, kuna za kati, na kuna fupi zisizozidi kilometa 10. Katika mbio nyingi mkimbiaji hulazimishwa kuchukua koti la mvua, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha akiba, na kabla ya kuanza mfuko wake unaweza kufunguliwa ukakaguliwa kama wa mwanafunzi anayerudi kutoka likizo.

Kupanda, wengi hawakimbii. Huinama, mikono imeshika magoti, wakasukuma. Kazi iko katika kushuka. Mtu aliyezoea huuachia mwili, hatua fupi, macho yako mbele hatua nne au tano, mikono imetawanyika kama kunguru anayetua. Mimi nilishuka kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na katika miaka miwili sikubadilika.

Watu wao mashuhuri katika mchezo huu si matajiri. Katika mji mdogo wa Keswick aliishi bwana mmoja jina lake Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni. Mwezi Juni 1932 alitoka mbele ya jengo liitwalo Moot Hall, lililo katikati ya mji, akapita vilele 42 akarudi pale pale kabla ya saa 24 kutimia, miguuni amevaa viatu vya tenisi. Safari hiyo ni kilometa zipatazo 106, na miinuko yake yote ukiijumlisha inazidi mita 8,000. Ilipita miaka 28 kabla hajapatikana mtu wa pili wa kuiweza. Yuko pia Joss Naylor, mfugaji wa kondoo wa bonde la Wasdale, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 88. Huyu alikuwa na ugonjwa wa mgongo tangu ujana wake akapasuliwa, na bado mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Mwaka 2006 alipotimiza miaka 70 alipita vilele 70, mradi umri wake usipite hivi hivi.

Nirudi kwa Bob Graham kidogo, maana hapo ndipo nilipoanza kuielewa klabu. Tangu mwaka 1971 kuna chama cha wale walioiweza safari yake, na sharti lao ni kwamba katika kila kilele lazima awepo mwenzako wa kushuhudia. Mtu akienda peke yake, hata akirudi kwa saa 15, haandikwi. Mwanzoni nililidhania sharti hilo kuwa ni la kuzuia waongo. Bwana mmoja wa klabu yetu, mstaafu wa posta, alinisahihisha. Alisema waongo ni wachache na hawana madhara. Wasiwasi wao ni mtu kuwa peke yake mlimani saa 22 bila mwingine kujua yuko wapi.

Klabu yetu hiyo, ambayo jina lake nitaliacha, ilikuwa na wanachama wapatao 80: mafundi bomba, wauguzi, walimu, wafugaji, na sisi wanafunzi wachache. Haikuwa na nyumba yake. Ilikuwa ikikutana katika ukumbi wa kijiji, na mali yake yote, yaani bendera, saa mbili, birika kubwa na vikombe, iliingia katika sanduku moja nyuma ya gari la katibu. Kila baada ya miezi mitatu hutoa jarida lake. Siku zangu lilikuwa karatasi mbili zilizobanwa pini. Siku hizi linakuja kwa barua pepe, na mpaka leo wananiletea, ingawa ada yangu ya mwisho nililipa mwaka 2013. Nadhani wamesahau kunifuta, au hawataki.

Ukurasa wa kwanza ni matokeo, nao huwa mfupi. Unafuata ukurasa wa habari: nani kavunjika kifundo, nani kapata mtoto, ni mfugaji gani ameomba tusipite kwenye uwanja wake wakati kondoo wanazaa. Kisha ndio mambo yajayo. Mwisho wa Aprili kuna mbio za vilele vitatu za Yorkshire, kilometa 37 hivi, zilizoanza mwaka 1954. Julai kuna za Wasdale, kilometa 34 na miinuko inayozidi mita 2,700, mbio ambazo watu huzitaja kwa sauti ya chini. Jumamosi ya kwanza ya Agosti ni Borrowdale. Jumamosi ya kwanza ya Septemba msafara huenda Uskoti kupanda Ben Nevis, mita 1,345, mlima mrefu kuliko yote ya nchi ile. Wakati wa baridi ni mbio za nyika katika matope, na zile Jumatano za tochi.

Lakini jambo lililonishangaza, nami ni mtu wa mafaili niliyezoea kusoma orodha, ni kwamba mbele ya kila mbio hawaandiki majina ya watakaokimbia. Wanaandika ya watakaosimama. "Kituo cha pili, watu watatu, kuanzia saa nne asubuhi, waje na nguo nzito." "Mstari wa mwisho, mtu mmoja wa kuandika namba na mmoja wa kuhesabu." Kilikuwa ni kipengele cha katiba yao kwamba mwanachama akikimbia mbio tatu, ya nne asimame. Atasimama kileleni kwenye mvua saa sita au saba, na kazi yake ni kuandika namba ya kila anayepita. Mwisho wa siku karatasi za vituo vyote hulinganishwa. Walioanza 112, waliomaliza 104, waliojitoa 8: basi, birika linachemshwa. Waliojitoa wakiwa 7, hakuna anayekunywa chai.

Sheria ile ngumu kuliko zote iliandikwa kwa herufi kubwa katika fomu ya kujiandikisha. Ukijitoa njiani, kwa sababu yoyote ile, ni lazima uende ukajiripoti mahali pa kumalizia. Niliisoma sheria hiyo, nikaitia sahihi.

Oktoba 2012 nilikimbia mbio moja ya kilometa 19. Kabla ya kilele cha tatu nilikuwa wa mwisho au karibu na mwisho. Ukungu ukashuka, nikateremka bonde ambalo silo, nikatokea barabarani mahali ambapo sikupajua. Mzee mmoja mwenye trekta alinichukua mpaka kituo cha basi. Nikapanda basi, nikafika chumbani, nikaoga maji ya moto, nikasonga ugali wa unga wa ngano, nikalala. Ndugu zangu, sitawaficha nilichokuwa nafikiri. Nilifikiri: mimi ni mgeni, tena wa mwisho, nani ataulizia? Simu yangu ilikuwa imeingia maji.

Saa nne za usiku mlango uligongwa. Alikuwa yule jirani yangu, na nyuma yake yule mstaafu wa posta, amelowa mpaka kwenye nyusi. Watu 27 walikuwa mlimani na mbwa wawili wananitafuta. Wale watu wa uokoaji kule hawalipwi mshahara. Ni mafundi na walimu wanaoacha chakula chao mezani wakiitwa. Mzee yule ndiye aliyekuwa amesimama kituo cha pili tangu asubuhi, akaandika namba yangu ilipopita, na kituo cha tatu walipoonyesha kwamba sikupita, alikataa kwenda nyumbani, akapanda tena. Alikuwa na umri wa miaka 66. Sikupata la kusema. Hakunikaripia. Aliuliza kama nimekula. Kisha akatoa mfukoni ile karatasi iliyolowa, akaitandaza juu ya meza yangu ya kusomea, akatia alama ya vema mbele ya namba yangu. Akapiga simu kuwaambia wengine washuke.

Nilifungiwa mbio zile kwa mwaka mmoja, na Januari iliyofuata nikapangwa kusimama. Nilisimama. Wenzangu, ili kunipa moyo, walinieleza ya Oktoba 2008, katika bonde la Borrowdale, kwenye mashindano ya siku mbili ya watu wawili wawili, washiriki zaidi ya 2,000. Ilikuja tufani na mafuriko, mashindano yakavunjwa, na redio na televisheni za nchi nzima zikatangaza kwamba watu wapatao 1,700 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa salama, wamejihifadhi katika mahema, katika mazizi, na mamia katika machimbo ya mawe ya Honister, na hakuna aliyekufa. Lakini usiku ule watu wengi makwao hawakulala, kwa sababu tu ya karatasi ambazo zilikuwa bado hazijalinganishwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nakuomba univumilie, maana sasa ndipo nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja kusema. Usiku ule, baada ya mzee yule kuondoka, sikulala. Na sikuwa ninafikiri habari za Uingereza.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa bweni. Jumamosi ya mbio za mlima ilinyesha tangu saa nane mchana. Wa rika langu mtakumbuka mambo yalivyokuwa: walimu wawili kileleni wakiandika kumi wa kwanza, na baada ya hao kumi wanashuka. Sisi wengine tulirudi makundi makundi, wengine kwa njia ya mikaratusi, wengine kwa mashamba ya kabichi. Hapakuwa na aliyehesabu. Usiku majina yaliitwa bwenini kama kawaida, na kwa desturi tuliyoikuta, ambaye hayupo kiranja humwitikia, kwa kuwa tulijua wengine huteremka mjini. Jina la mwenzetu mmoja lilipoitwa kimya kikapita kidogo. Mimi nikaitika: "Yupo." Nikalitia alama ya vema kwa kalamu yangu mwenyewe.

Hakuwa mjini. Alikuwa ndani ya korongo lililo upande wa magharibi wa mlima, mfupa wa paja umevunjika. Alilala huko usiku kucha kwenye mvua. Akina mama waliokwenda kutafuta kuni ndio waliomkuta asubuhi, wakamteremsha kwa machela ya matawi na kanga zao.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini liko la pili, nalo ni baya zaidi. Mwalimu wa zamu aliponiuliza nilisema alikuwepo alipoitwa jina, kwa hiyo lazima alitoroka baadaye. Daftari lilinithibitisha. Aliporudi kutoka hospitali baada ya miezi mitatu, anatembea kwa gongo, alisomewa mstarini barua ya onyo kwa kosa la kutoka bwenini usiku bila ruhusa. Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele. Sikusema neno. Mwaka uliofuata niliandikiwa cheti cha tabia njema, ambacho nimekitumia kuombea kazi.

Niliporudi nchini mwaka 2013 nilimtafuta. Ni fundi saa, ana duka lake, na mguu wake ndio ule mnaoujua. Nilimweleza yote kama ninavyowaeleza sasa. Alinyamaza muda mrefu, akamaliza kufunga saa iliyokuwa mkononi mwake. Akasema alijua siku nyingi. Siku ile ya barua alikuwa ameonyeshwa lile daftari ofisini, akaiona alama, na mwandiko wa kila kiranja aliujua. Nikamwuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba nani angemsikiliza, daftari likiwa linasema yupo. Kisha akaniambia jambo ambalo silisahau. Alisema kule korongoni usiku alikuwa anaisikia kengele ya shule. Aliisikia ya chakula. Akaisikia ya kuitwa majina, akafurahi, akawaambia moyoni: sasa hivi watajua.

Ndugu yetu huyo yuko hapa, safu ya tatu, karibu na dirisha. Ameniruhusu niyaseme haya kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake na nisilie. Mkuu wa Shule, wewe ulikuwa bado hujaja hapa na huna kosa lolote. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, najua kwamba kilichoandikwa kwenye faili hakifutiki kwa maneno ya mkutanoni. Kwa hiyo nimeandika barua, nimeitia sahihi, nimeambatisha maelezo yangu, na nakala nimempa Mwenyekiti. Naomba barua ile ya onyo ya mwaka 1996 iondolewe katika faili lake, na yangu iwekwe mahali pake.

Sasa mbio za mwakani. Nimepima kwa ramani. Kutoka uwanja wa mpira mpaka kileleni na kurudi ni kilometa 9, na kupanda ni mita 500, kwa hiyo kwa vipimo vya kule ni daraja la A, fupi. Kuna ndugu aliyenong'ona hapa jana usiku kwamba sisi ni watu wa milima, hatuhitaji mafunzo ya Wazungu. Katika miguu nakubaliana naye. Mwaka 2006 Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa saa 9 na dakika 21. Mwaka 2017, katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani huko Premana, Italia, Waganda watatu walichukua nafasi tatu za kwanza, na aliyeshinda, Victor Kiplangat, mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Hatuna upungufu wa miguu. Tunachopungukiwa ni watu wa kusimama.

Halmashauri imekubali kwamba zifanyike Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa mbili asubuhi, kabla ukungu haujazoea. Vituo vitakuwa vinne: njia panda ya mikaratusi, mdomo wa korongo, kileleni, na lango la bustani. Kila kituo kitakuwa na watu wawili, daftari, na mmoja wao awe mtu mzima mwenye simu. Kila mkimbiaji, awe mzee wa mwaka 1970 au kijana wa kidato cha kwanza, atavaa namba kifuani, atachukua filimbi, na hata akiishia njia panda ya mikaratusi kwa kuumwa na tumbo, atarudi uwanjani ajiripoti. Atakayekwenda nyumbani kimya kimya hatakimbia mwaka utakaofuata, na katika hilo msiniletee habari za udugu. Mganga wa zahanati amekubali kuwepo. Chai na maandazi vitatolewa hesabu zikishalingana, si kabla.

Mpaka sasa walioandikisha majina kukimbia ni 61. Walioandikisha kusimama ni 3, na mmoja ni mimi, nitakuwa mdomo wa korongo. Wa pili ni mke wa Katibu. Wa tatu ni yule ndugu wa safu ya tatu. Ameomba apewe meza ya mstari wa mwisho, akae na daftari kubwa. Anasema ataleta saa zake mwenyewe. Tunahitaji watu watano zaidi. Karatasi iko pale mezani kwa mweka hazina, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isitoroke.